Nusu Nyingine ya Kidonge

Jumamosi, 16 Novemba

Mvua ya kwanza imepiga na mimi nimempeleka Faith kijijini Mollo, kwa bibi yake. Sikupenda. Tetekuwanga imeingia mtaani kwetu Malangali, inapita nyumba kwa nyumba, na Daktari Edith wa Mbeya alishanionya: mtoto anayekunywa dawa za saratani ya damu akipata tetekuwanga, anaweza kutuponyoka. Vitus, mume wangu, yuko barabarani na lori la mahindi la watu, Tunduma na kurudi, kurudi na Tunduma. Mimi nina kiti cha ofisini ambacho nisipokikalia siku mbili, wananitafuta. Kwa hiyo mwanangu wa miaka saba amekwenda kulelewa na mama mkwe wangu, Bibi Cornelia, ambaye siku ya posa yangu alisema mbele ya wajomba zangu waliotoka Tukuyu kwamba Mnyakyusa ana maneno mengi, atamjazia mwanawe nyumba kelele. Haya. Maneno yangu nitayaweka humu, nyumba ibaki kimya.

Nilimwachia chupa mbili. Vidonge vyeupe, kimoja kila asubuhi. Vile vidogo vya njano, Ijumaa peke yake. Nikaeleza, nikarudia. Akazigeuzageuza chupa mkononi.

"Ndizo alizokunywa Kalisti hizi?"

Kalisti ni kaka yake Vitus. Alikufa mwaka juzi kwa ugonjwa huu huu, mtu mzima wa miaka arobaini.

"Ndizo, mama."

Kisha akagusa shingo yake, pale kwenye kivimbe chake cha miaka mingi. "Dawa za kuyeyusha uvimbe," akasema. "Wengine tunazikwa nao."

Nikapanda bodaboda nikaondoka na matope mpaka magotini.


Jumanne, 26 Novemba

Mvua. Umeme hakuna. Faith kwenye simu: amekula kumbikumbi, na bibi amemkaangia nyingine za kesho.


Ijumaa, 6 Desemba

Ofisini watu wote wanazungumzia mbolea. Nami nimezungumzia mbolea.


Jumatano, 18 Desemba

Tumetoka kliniki Mbeya. Nimechoka, ila siwezi kulala kabla sijaandika.

Daktari Edith aliangalia majibu ya damu, akaangalia tena. Chembe nyeupe ziko juu kuliko zinavyotakiwa kuwa kwa mtoto aliye kwenye vidonge. Akaniuliza, "Mama Faith, dawa inamfikia yote?" Nikaapa. Niliapa kwa jina la Mungu, mimi mjinga!

Akanieleza polepole, maana aliona nimeanza kupandwa na hasira. Watu wanadhani mtoto ni mtu mzima aliyepunguzwa, apewe nusu, apewe robo, kama tunavyokata Panadol. Dawa hizi haziendi hivyo. Zinapimwa kwa ukubwa wa mwili, na ukihesabu kwa kilo zake, Faith anabeba nyingi kuliko ambazo ningebeba mimi. Ini la mtoto ni kubwa ukilinganisha na mwili wake, linaichoma dawa haraka, na figo zake zinaitoa nje upesi. Ukimpunguzia, ugonjwa unapata mwanya wa kurudi. Na ukirudi, alisema, unarudi umeshajifunza.

"Mbona Kalisti zilimmaliza?" nikauliza. Yeye ndiye aliyemtibu, anamkumbuka. Mdomo wote vidonda, macho ya njano, mpaka ikabidi dawa zisimamishwe na ugonjwa ukapata nafasi.

"Mtu mzima dawa inamkalia," akasema. "Vichanga nao wana yao, maini yao hayajakomaa. Ila umri wa Faith ndio unaozivumilia kuliko wote."

"Na mzee?"

"Mzee mwenye figo zilizochoka? Inakaa ndani kama mgeni asiyejua kuaga."

Niliuliza kwa udadisi tu. Niandike hivyo, ijulikane kwamba siku ile ilikuwa udadisi tu.


Jumamosi, 21 Desemba

Sijaosha hata matope miguuni. Nitaandika hivyo hivyo.

Alhamisi nilimrudisha Faith kule Mollo. Leo nimeenda alfajiri bila kupiga simu. Ukungu ulikuwa mzito, ule wa Ufipa unaokufanya usimwone hata ng'ombe wa jirani. Nikazunguka kwa nyuma, kwenye ua wa mabua ya mahindi, na mlango wa jiko ulikuwa wazi. Nikamwona Bibi Cornelia ameweka kidonge cheupe juu ya jiwe la kusagia. Akachukua kisu cha mboga, akakikata katikati. Nusu moja akaitia mdomoni mwake, akashushia maji, akakaa kimya ameshika tumbo. Baada ya muda akampa Faith nusu ya pili na uji.

Anakunywa dawa ya mwanangu! Anakula uhai wa mtoto kwa ajili ya kile kivimbe chake cha shingoni! Na mimi niliapa mbele ya daktari.

Nilitaka niingie na mchi. Haki ya Mungu, mchi ulikuwa pale pale mlangoni. Sijui nini kilinishika. Nikarudi nyuma, nikazunguka, nikapiga hodi kwa mbele kama mkwe mwema.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Mbona asubuhi hivi? Karibu uji."

Nikanywa uji wake. Ulikuwa wa ulezi, mzuri, sukari sawasawa. Nilimtazama akimfuta Faith mdomo kwa pembe ya kitenge chake, nikawaza: kikulacho ki nguoni mwako. Mwanamke huyu alinidharau nikiwa bibi harusi, nikameza. Alisema sijui kusonga ugali wa ulezi, nikameza. Hili silimezi. Atalipa, na atalipa kwa kinywa kile kile.


Jumatano, 25 Desemba

Krismasi. Vitus kakwama Tunduma. Nimekula wali peke yangu nikiwaza.


Jumamosi, 28 Desemba

Nimefanya.

Ningeweza kumchukua mwanangu. Najua. Tetekuwanga bado ipo mtaani, hilo ni kweli, lakini ningeweza kumfungia ndani, ningeweza kuomba ruhusa kazini, ningeweza kumwambia Vitus, ningeweza kusimama katikati ya ua nikapiga kelele mpaka jumuiya nzima ije. Angelia, angeomba msamaha, padri angekuja, tungepeana mikono, basi imekwisha. Wakati mwanangu ameishi mwezi mzima kwa nusu dozi! Hapana.

Hospitali walinipa dawa za akiba, kwa sababu masika barabara hukatika. Nikazibeba mpaka Mollo.

"Mama, daktari ameongeza. Viwili kila asubuhi. Na vya njano vya Ijumaa navyo mara mbili."

Bibi Cornelia akanitazama. "Viwili? Mtoto mdogo hivi?"

"Ndivyo alivyosema daktari, mama."

"Huyo daktari ana watoto?"

"Anao."

Akazipokea kwa mikono miwili. Hesabu yangu ni rahisi hata mtoto wa darasa la kwanza anaiweza: akikata viwili katikati, Faith anapata nusu mbili, yaani dozi yake kamili. Na yeye anapata nusu mbili. Wewe si mwizi? Basi iba ushibe. Ule mwili wako wa miaka sabini umkaribishe mgeni, tuone atakuaga lini.

Nimerudi nyumbani nimelala usingizi mzuri.


Jumamosi, 11 Januari

Nimechungulia tena kwa nyuma ya ua. Anakata vyote viwili. Anameza zake kwanza. Vizuri sana.


Ijumaa, 17 Januari

Palizi imeanza. Mvua haipumziki. Mhasibu wetu kapoteza mwavuli wangu.


Jumatano, 22 Januari

Kliniki. Damu ya Faith imekaa pale pale inapotakiwa. Daktari Edith alipiga meza kwa furaha. "Umefanyaje, mama Faith?"

"Nimeisimamia dawa," nikasema.

Na si uongo. Njiani kurudi Faith aliimba mpaka tukafika Laela, abiria wakampa karanga.


Jumamosi, 1 Februari

Imeanza. Bibi Cornelia hali ugali. Anasema meno. Nimemwona alipofungua mdomo kumpulizia Faith uji: ulimi mwekundu, na vidonda vyeupe ndani ya mashavu. Ninavijua vidonda hivyo, nilivisafisha kwenye mdomo wa Kalisti kwa pamba.

Nikamwambia, "Pole mama, wiki ijayo nitakuletea kachumbari uchangamke." Nikamletea kweli, leo hii hii, maana sikuweza kungoja wiki ijayo, nilirudi hadi genge la barabarani, nikanunua nyanya, vitunguu, limau, na pilipili ya kutosha. Akala kijiko kimoja mbele yangu kwa heshima. Machozi yakamtoka. Akasema, "Asante mwanangu, imekolea."

Nilidhani ningecheka. Nilikunja tu uso nikaangalia mahindi.


Jumamosi, 8 Februari

Amepungua. Kilemba kimeteleza nikaona nywele zimebaki mafungu mafungu. Wanawake wa jumuiya wanasema amerogwa, wanamtaja jirani aliyegombana naye kwa ajili ya mpaka wa shamba. Wamesali rozari. Nami niliyekulia kanisa la Moravian nimekaa nao nikaitikia "utuombee", mwizi wangu akiwa katikati amefungwa blanketi.

Malipo ni hapa hapa duniani. Nimeiandika sentensi hii mara tatu leo, mbili nimezifuta.


Jumamosi, 15 Februari

Jambo moja linaniudhi. Mtu anayeiba dawa ya uvimbe, akaona dawa inamtoa vidonda, si angeacha? Mwizi akiungua, hutupa chungu. Huyu anaendelea. Nimefika asubuhi nimemkuta anatambaa, naam, anatambaa kwa mikono kwenda kuwasha moto wa maji ya kumwogesha Faith. Nikamwambia nitawasha mimi. Akasema, "Wewe umetoka mbali, kaa." Kisha akaenda kwenye jiwe lake na kisu chake.

Ubishi wa kizee tu.


Jumatatu, 24 Februari

Mvua ya mawe. Paa la ofisi linavuja juu ya faili zangu.


Jumamosi, 8 Machi

Vitus amerudi jana, akaenda moja kwa moja Mollo. Aliporudi nyumbani hakuvua hata viatu.

"Suma, mama anatoka damu kwenye fizi."

"Ni meno."

"Ana madoa miguuni, meusi meusi. Umeyaona?"

"Uzee huo, baba Faith."

"Kila wiki uko kule. Kila wiki! Hukuona kitu?"

Nikasema nina kazi, nina mtoto mgonjwa, siwezi kuhesabu na madoa ya mama yake. Nilisema kwa sauti kubwa. Aliinama chini akasema basi samahani, nimechanganyikiwa tu. Akaniomba samahani yeye.

Tetekuwanga imeisha mtaani. Faith anarudi nyumbani wiki hii.


Jumapili, 16 Machi

Naandika nikiwa kwenye benchi la hospitali hapa mjini. Nitaanza na asubuhi, maana nikianza na mwisho nitatupa kalamu.

Jana jioni Vitus alimleta mama yake hapa, amebebwa, hajitambui vizuri, na Faith akarudi nyumbani kwangu. Leo asubuhi nyumbani nilimpa Faith kidonge chake. Kimoja, kizima. Hakukichukua. Aliangalia mkono wangu.

"Na cha bibi kiko wapi?"

"Bibi anaumwa. Kunywa."

"Lakini hakuna aliyeonja."

Nikamuuliza kuonja nini. Mtoto akanieleza kama mtu anayemweleza mgeni njia ya sokoni. Bibi alisema mwenye nyumba akimkaribisha mtu pombe, anaionja yeye kwanza, ili mgeni aone haina kitu. Alisema dawa hizi zilimuua baba mkubwa Kalisti kwa sababu alikunywa peke yake, hakuna aliyemwonjea. Kwa hiyo kila asubuhi bibi anameza nusu, anangoja, anasikiliza tumbo. "Akasema kama ni sumu, ianze na yeye, mimi nitabaki."

Nilikaa chini sakafuni, pale pale jikoni.

Mimi ninaijua desturi ile! Kwetu Tukuyu ipo, huku ipo, baba yangu hakupata kumpa mtu kikombe bila kukigusisha mdomoni mwake kwanza. Nilimwona akimeza kabla ya mtoto, wiki baada ya wiki nilimwona, akishika tumbo lake na kungoja, na sikuona kitu kingine ila mwizi. Na bado alikosea, nalisema hata sasa. Nusu yake ingeniulia Faith. Alichukua kifo cha mtu mzima akampimia nacho mtoto. Lakini alikosea akiwa ametanguliza mwili wake mbele. Mimi nikauongezea mzigo, nikampelekea na pilipili.

Nilimbembeleza Faith mpaka akameza, nikamwacha kwa jirani, nikachukua chupa zote mbili, nikapanda bodaboda. Mvua ilikuwa inamwagika, kijana anauliza "Mama, tusubiri ipungue?" nikamwambia endesha, endesha.

Wodini Vitus alikuwa amesimama kando ya kitanda. Daktari, kijana mpole aitwaye Timoth, alikuwa anasema wamepima malaria, wamepima homa ya matumbo, hawaelewi, damu yake imeisha kana kwamba kuna kitu kinaizima kwenye mifupa. Njiani nilikuwa nimejitungia uongo mzuri. Bibi alijichanganya, bibi haoni vizuri, bibi alikunywa dawa za mtoto bila sisi kujua. Ungepita. Nani angenipinga?

Bibi Cornelia alifungua macho. Midomo yake imepasuka, damu imekauka pembeni. Akasema kitu, Vitus akainama asikie.

"Anauliza kama Faith amekunywa," Vitus akasema.

Hapo uongo wangu ukaniishia. Nikampa daktari chupa. Nikamwambia, amekunywa hizi tangu Novemba, nusu ya dozi ya mtoto, alikuwa anamwonjea. Tangu Desemba amekunywa dozi nzima. Akauliza nani alibadilisha. Nikasema mimi. Akadhani nimekosea kusoma maelekezo. Nikasema hapana, daktari, nilisoma vizuri. Nilijua mzee haziwezi. Nilitaka.

Timoth alipiga simu Mbeya kwa Daktari Edith palepale, akiwa anakimbia. Ipo dawa ya kuzima ile ya njano, wameitafuta, imepatikana. Wanamwongezea damu. Figo hawajui.

Vitus hakunipiga. Hakunitukana. Alitandika upya blanketi la mama yake, akaliweka sawa kila pembe, kisha akaniambia niende nikakae nje.


Jumatano, 19 Machi

Yu hai. Vitus amemchukua Faith. Analala naye kwa rafiki yake.


Jumapili, 23 Machi

Polisi hawajaja. Nimefungasha nguo kwenye mfuko hata hivyo, ziko mlangoni.


Jumamosi, 29 Machi

Jana muuguzi alinipigia simu: mgonjwa ameanza kukojoa vizuri, vidonda vinafunga, anaweza kujaribu uji mwepesi, na ametaka uji huo niulete mimi. Nilimuuliza mara mbili kama hajakosea jina. Vitus anasema polisi walipotajwa, mama yake alikataa, akasema mambo yake atayamaliza mwenyewe.

Nimepika wa ulezi. Nimeuchuja mara mbili. Wodi ilikuwa imejaa, wanawake wagonjwa na ndugu zao, na wengine ni wa jumuiya ya Mollo. Vitus alikuwa upande wa dirishani, Faith ameketi miguuni pa kitanda na daftari lake la kuchora. Nilipiga magoti, nikasema shikamoo mama. Hakuitikia marahaba. Nikamimina kikombe nikampa kwa mikono miwili.

Hakukipokea. Alinitazama kwa yale macho yaliyoingia ndani, akasema kwa sauti ambayo sikujua bado anayo:

"Onja."

Wodi nzima ikatugeukia. Hakuna mwanamke mle asiyejua neno lile linasema nini kwa aliyeleta chakula. Nikaonja. Akasema tena, onja. Nikaonja tena, machozi yananidondokea kwenye kikombe. Ndipo akakipokea akanywa polepole mpaka chini, kisha akasema, "Kesho tena, saa hizi." Na kesho kutwa, akasema. Na akirudi Mollo, nitamletea huko.

Ilikuwa saa ya dawa ya Faith. Vitus alitoa kidonge, akasita, kisha akakiweka kwenye kiganja changu bila kunigusa. Nikamnyooshea mwanangu.

Faith alifunga mdomo. Akasogea nyuma kitandani mpaka mgongo ukagusa miguu ya bibi yake. Alikuwa amesikia kila kitu, watoto husikia. "Sitaki cha mama," akasema.

Nikamsihi. Nikamwambia usipokunywa utaumwa, mwanangu, tafadhali. Akatikisa kichwa. Nikakipeleka kidonge mdomoni mwangu nikionje, Daktari Timoth, aliyekuwa kitanda cha pili, akanishika mkono akakataa. Leo mwanangu anaikataa dawa, na mkono uliomkatalisha ni wangu.

Bibi Cornelia alimvuta Faith kwa ule mkono wenye sindano.

"Kunywa, mjukuu wangu," akasema. "Wewe hawezi kukuua. Wewe ni damu yake."

Faith akanitazama kwanza, kisha akakichukua kidonge akameza.